Mizani ya Chuma na Mizani ya Haki

Amri ya Saba ya Mungu ni fupi, hata mtoto anayejitayarisha kwa Komunyo ya Kwanza aweza kuisema bila kukwama. Lakini amri fupi si amri nyepesi. Kila kizazi hujitafutia njia yake ya kuivunja, na kila kizazi hujitungia maneno yake ya kujiondolea lawama. Juma hili twapenda kusema juu ya wizi wa namna moja ambao watu wengi hawauhesabu kuwa wizi hasa, nao ni ule wa kung'oa vipande vya magari ya zamani, vilivyo adimu, na kuviuza kwa kilo kama vyuma chakavu.

Pengine msomaji atauliza kwa nini gazeti la jimbo lishughulike na mabati ya motokaa kuukuu, na huku watu wanahangaishwa na njaa, maradhi na ada za shule. Swali hilo ni la haki, na jibu letu ni hili: dhambi hii, iliyo ndogo machoni pa watu, yafunua kosa kubwa la fikira. Anayeiba na anayenunua wote wawili hudhani ya kuwa uzito wa wizi hupimwa kwa faida aliyoipata mwizi. Kosa hilo likiachwa likae mioyoni mwetu, halitaishia katika magari.

Tuweke mfano. Fundi mmoja mzee ana Land Rover la namna ya kwanza kabisa, lile lililoonyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, likaendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1958. Alilipata likiwa limekufa, limeota nyasi. Kwa miaka mitatu, kila Jumamosi baada ya kazi, amelishughulikia pamoja na vijana wawili anaowafundisha ufundi. Kabureta ameipata kwa rafiki katika mkoa mwingine. Rejeta ameiunga kwa mkono wake. Milango ameinyosha polepole kwa nyundo ya mbao. Imebaki kazi kidogo tu liwake. Usiku mmoja watu wanaruka ua. Asubuhi fundi anakuta rejeta haipo, kabureta haipo, milango imekwenda, na hata kile kibati kidogo chenye namba ya gari kimebanduliwa. Saa hiyo hiyo, katika mtaa wa pili, mizani imekwisha sema neno lake: shaba kilo kadhaa, alumini kilo kadhaa. Mwizi amepata fedha za kula siku mbili. Kesho yake vitu vile vitatiwa katika tanuru, na kabla ya juma kwisha vitakuwa sufuria na mifuniko.

Mfano huu tumeutunga sisi, wala hatumsemi mtu ye yote. Lakini fundi ye yote wa magari ya zamani akiusoma atatikisa kichwa, maana ajua ya kuwa mambo huwa hivyo.

Sasa, mwizi huyo akikamatwa atajitetea kwa maneno gani? Twadhani atasema matatu. Kwanza, kwamba gari lile lilikuwa limelala tu, halimfai mtu. Pili, kwamba ni chuma chakavu, na chuma chakavu huuzwa kila siku mbele ya macho ya Serikali. Tatu, kwamba alichokipata ni kidogo mno, basi na kosa lake ni dogo. Maneno haya si ya wezi peke yao. Hata watu wema huyasema wakiketi barazani. Kwa hiyo yafaa tuyachungue moja moja.

La kwanza halina nguvu. Kitu kisichotumika leo hakijakosa mwenyewe. Jembe hulala ghalani wakati wa kiangazi, wala hakuna mkulima atakayekubali lichukuliwe kwa sababu halikulima mwezi wa Agosti. Shamba lililopumzishwa lina mwenyewe, na mbegu iliyotundikwa juu ya moshi wa jikoni ina mwenyewe. Mwenye mali ana haki ya kungoja. Pengine angoja fedha, pengine angoja nafasi, pengine angoja mwanawe amalize masomo ili waitengeneze pamoja. Jirani hana ruhusa ya kuihukumu subira ya mwenziwe na kuiita uzembe, kisha akajilipa mwenyewe kwa hukumu hiyo.

La pili latutaka tupambanue. Biashara ya vyuma chakavu si dhambi. Kinyume chake, ni kazi yenye faida kwa nchi: chuma kilichochoka hurudi kuwa nondo, alumini hurudi kuwa sufuria, na vijana wengi waishio kwa jasho lao hula kwa kuokota kilichotupwa. Wala hatusemi ya kuwa kila chombo cha zamani ni kitu kitakatifu kisichoguswa. Kati ya miaka 1955 na 1956 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilijengewa vichwa 34 vya garimoshi la mvuke vya aina ya Garratt, katika kiwanda cha Beyer, Peacock huko Manchester, Uingereza. Kila kimoja kilizidi tani 250, na vilipewa majina ya milima ya nchi zetu. Siku zao za kazi zilipokwisha, karibu vyote vilikatwa vikauzwa kuwa chuma. Huo haukuwa wizi. Mwenye mali alipima akaamua, na twaweza kusikitika bila kumlaumu.

Lakini vichwa viwili vilisalia, kimoja kiitwacho Gelai na cha pili Shengena, vyote vikiwa na majina ya milima ya Tanzania, navyo vimehifadhiwa Nairobi. Hebu tufikiri ingekuwaje kama mtu angekwenda usiku na kufungua kipande cha shaba katika kimojawapo. Kiwanda kilichovijenga kilifungwa mwaka 1966. Hakuna duka la spea litakalomsaidia mwenye mali, wala hakuna mahali pa kupeleka barua ya kuagiza. Vilipokuwa 34, kipande kilichoharibika kilikuwa na ndugu zake. Sasa kimebaki na ndugu mmoja tu, naye hana cha kugawa. Chuma ni kile kile, uzito ni ule ule, na bei yake mbele ya mizani ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba zamani kingeweza kulipwa kwa kingine, na sasa hakiwezi.

Na gari la fundi wetu ni vivyo hivyo. Waliolitengeneza walifunika mwili wake kwa alumini iliyochanganywa na madini mengine, kwa sababu baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma cha bati kilikuwa haba katika Uingereza na kiligawiwa kwa kipimo. Uhaba ule wa zamani ndio uliolisaidia gari hilo lisiliwe na kutu kwa miaka mingi namna hii. Na alumini ile ile ndiyo inayomvuta mwizi leo, kwa kuwa yayeyuka upesi na wanunuzi wake hawakosekani. Hivyo kitu kilichovumilia mvua na matope ya barabara zetu kwa zaidi ya nusu karne chaweza kuangamizwa na bisibisi katika nusu saa.

Twafika neno la tatu, lile la udogo wa faida, na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli twasoma jinsi nabii Natani alivyokwenda kwa mfalme Daudi na kumpa habari ya watu wawili. Tajiri alikuwa na kondoo na ng'ombe wengi. Maskini alikuwa na mwana-kondoo mmoja tu, aliyemlea nyumbani pamoja na watoto wake. Tajiri alipofikiwa na mgeni, alimchukua yule mmoja wa maskini akamchinja. Mfalme aliposikia habari hiyo aliwaka hasira. Yafaa tujiulize, kwa nini aliwaka hasira? Nyama ya mwana-kondoo yule ilikuwa kilo chache, na kwa mizani ya mchinjaji haikupita nyama ya mwingine ye yote. Lakini Daudi hakuuliza habari ya kilo. Alitazama alichopoteza yule maskini, akaona ya kuwa amepoteza vyote. Na nabii alipomwambia kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe, hakuwa na la kujitetea.

Hivi ndivyo Kanisa lilivyofundisha siku zote. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, anapoeleza wajibu wa kurudisha mali, aonyesha ya kuwa aliyemdhulumu mwenziwe hupimiwa wajibu wake kwa hasara aliyoileta, si kwa faida aliyoitia mfukoni. Mwizi aliyepata shilingi kumi kwa kuharibu kitu cha shilingi elfu hana deni la shilingi kumi. Ana deni la elfu. Kama hakupata cho chote, deni lake ni lile lile.

Jambo hili hutokea katika nchi tajiri kama katika nchi maskini. Mwezi wa Desemba mwaka 2005, huko Uingereza, wezi waliingia kwa lori katika uwanja wa Perry Green na kuchukua sanamu kubwa ya shaba ya mchongaji Henry Moore. Thamani yake ilikadiriwa kuwa pauni milioni 3. Mwaka 2009 polisi walisema ya kuwa inaelekea ilikatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu, kwa kiasi kisichopita pauni 1,500. Tofauti ya hesabu hizi mbili haikuingia mfukoni mwa mtu ye yote. Haikumtajirisha hata mwizi. Na ndivyo ulivyo wizi huu: sehemu kubwa ya kilichochukuliwa huangamia njiani, na anayebaki na makombo husema ya kuwa hakula sana.

Hapa twamsikia msomaji mwenye huruma akisema, "Lakini huyo kijana ana njaa." Hatutaki kulipita neno hilo haraka, maana twajua ya kuwa wako wenye njaa kweli. Kanisa halikusema kamwe ya kuwa mali ya mtu ina nguvu kuliko uhai wa mtu. Mtakatifu Tomaso mwenyewe afundisha ya kuwa mtu aliye katika dhiki ya mwisho, asiye na njia nyingine ya kujiokoa, akichukua chakula kilicho mbele yake, hakutenda wizi. Maana vitu vya dunia viliumbwa ili watu wote wapate riziki. Fundisho hilo ni la rehema, na ole wake Mkristo anayelificha.

Lakini fundisho hilo lina mipaka yake. Dhiki ya mwisho huchukua mkate, kisha husimama. Haitayarishi misumeno tangu mchana, wala haiwi na mnunuzi anayeingoja saa nane za usiku. Tena huchukua kile kinachoponya, haiharibu kikubwa ili ipate kidogo. Mwenye njaa aliyebisha hodi kwa fundi wetu na kusema, "Mzee, sijala tangu jana," angepata ugali, na pengine angepata na kazi ya kusugua kutu. Aliyeruka ua aliupita mlango huo. Twasema haya bila kusahau deni letu wenyewe: mahali ambapo vijana wamemaliza shule na hawana ufundi wala shamba, na watu wazima wenye uwezo wawatazama tu, hapo wenye uwezo nao watakuwa na la kujibu mbele ya Mungu. Njaa ya kijana yampunguzia yeye hatia. Haimpunguzii hatia yule aliyeiona akaifanyia biashara.

Neno hili latupeleka kwa mnunuzi. Mwizi wa shaba hana haja na shaba. Haili, haivai, hajengi nayo nyumba. Kama pasingekuwa na mtu wa kumpimia, angerudi nyumbani mikono mitupu, na usiku wa pili asingeondoka. Mwenye mizani ndiye aliyeugeuza uovu ule kuwa riziki. Mtakatifu Tomaso awahesabu pamoja na mwizi wale walioamuru, walioshauri, walioafiki na waliopokea, na asema ya kuwa nao wamefungwa na wajibu wa kurudisha. Basi asiseme mtu, "Mimi nilinunua tu." Kununua huko ndiko kulikouita wizi utoke gizani.

Na asiseme ya kuwa hakujua. Mtoto wa miaka kumi na miwili akileta rejeta ya shaba ya gari la zamani, ikiwa na alama mpya za msumeno, hilo ni neno linalosemwa kwa sauti kubwa. Kibati chenye namba ya gari ni neno. Bei iliyokubaliwa bila ubishi ni neno. Mtu anayejizuia asiulize, kwa kuwa anaogopa jibu, amekwisha lijua jibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza ya kuwa mali ya wizi huingia bila habari kwa mlango ule ule. Mnunuzi mwaminifu na awe na daftari: jina la muuzaji, siku, kitu chenyewe na mahali kilikotoka. Kitu chenye shaka akiweke kando siku kadhaa kabla ya kukiyeyusha, ili mwenyewe apate nafasi ya kukitafuta. Chuma kilichowekwa kando chaweza kurudi kwa mwenyewe. Chuma kilichoyeyuka hakirudi.

Ni kweli kwamba Serikali zina sheria zake. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2013 inayomkataza mnunuzi wa vyuma chakavu kulipa fedha taslimu na kumlazimu kumtambua anayemuuzia. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2015. Lakini mwezi wa Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alilazimika kuipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu, na marufuku hiyo ilikuja kuondolewa mwaka huo huo chini ya masharti makali zaidi. Katika miezi ile waliumia wote, mwaminifu na asiye mwaminifu. Tusome hapo ya kuwa wafanya biashara wasipojisafisha wenyewe, siku moja sheria huwafagia wote kwa ufagio mmoja.

Lakini sheria ya nchi humwadhibu aliyekamatwa, na dhamiri yauliza jambo jingine: aliyetubu afanye nini? Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Mtakatifu Agostino, katika barua yake kwa Masedonio, afundisha ya kuwa mtu aliye na uwezo wa kurudisha alichoiba, naye hataki, toba yake ni ya kujifanya tu. Na kila padre muungamishi hufuata njia hiyo. Aliyeiba ng'ombe huambiwa arudishe ng'ombe. Aliyeiba fedha huambiwa arudishe fedha. Je, aliyeiba mlango wa gari la mwaka 1948, na mlango ule sasa umekuwa sufuria sita zilizouzwa katika soko la mji, arudishe nini?

Wengine hudhani ya kuwa, kwa kuwa haiwezekani kurudisha, wajibu umekwisha. Sivyo. Mtakatifu Tomaso aliliona jambo hili katika mfano mzito zaidi, wa mtu aliyemkata mwenziwe kiungo cha mwili. Mkono haurudishwi. Lakini aliyeukata hawi huru kwa sababu hiyo. Atalipa kadiri awezavyo, kwa mali au kwa heshima, kwa kadiri itakayoamuliwa na mtu mwenye haki. Basi twasema vivyo hivyo hapa. Aliyetubu kweli asijifiche nyuma ya bei ya kilo. Kwanza aseme kitu kilipelekwa wapi, na aseme upesi, maana pengine kabureta bado iko katika rundo na kibati cha namba bado hakijaingia motoni. Ikiwa haya yamzuia, padre aweza kumfikishia mwenye mali habari hiyo bila kulitaja jina lake, kama yeye mwenyewe akimwomba afanye hivyo. Pili, alipe fedha kidogo kidogo, hata ikimchukua miaka. Tatu, kama ana nguvu na hana fedha, atoe nguvu zake. Kijana anayesugua kutu Jumamosi ishirini katika gereji ya yule aliyemwibia amelipa kitu ambacho mizani ya mtaa wa pili haikukijua. Na huenda atatoka hapo akiwa fundi.

Zakayo, katika Injili ya Mtakatifu Luka, hakungoja ahesabiwe. Aliahidi mara nne. Hakufanya hesabu ya kujibana aone ni kiasi gani kidogo kitatosha kumtuliza Bwana. Kinachotambulisha toba ya kweli ni kwamba mtu aanza kuitazama hasara kwa macho ya yule aliyeipata.

Twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari moja ya nchi yetu, inayoonyesha kinyume cha haya yote. Meli iitwayo Liemba, ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma ili iunganishwe upya. Wakati huo iliitwa Graf von Goetzen. Mwezi wa Julai mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu, Wajerumani waliona ya kuwa wataushindwa mji wa Kigoma, wakaamua kuizamisha meli yao wenyewe isichukuliwe na adui. Lakini mafundi, kabla ya kuizamisha, walizipaka injini zake grisi nene. Meli ikalala chini ya maji. Mwaka 1924 Waingereza waliizamua, wakakuta injini zafaa bado, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Miaka mingi baada ya hapo ilichukua abiria, mahindi, dagaa na wagonjwa kando ya ziwa lile.

Mafundi wale walikuwa katika vita. Walikuwa na kila sababu ya kuvunja. Hawakujua ni nani atakayeitumia injini ile, na huenda walifikiri ya kuwa atakuwa adui wao. Hata hivyo waliilinda. Mtu aliyetengeneza chombo, au aliyekitunza, hujua ya kuwa ndani yake imo kazi ya watu wengi, wengine wamekufa, na kwamba wako watu wasiozaliwa bado ambao chaweza kuwafaa. Mwizi wa vipande vya zamani hawajui hao wote wawili. Kwake yeye hakuna waliokuwako wala watakaokuwako. Iko mizani tu, na usiku wa leo.

Sasa ni haki tujigeuzie neno hili sisi wenyewe, maana si vizuri kuwaonya wezi na kuwasifu wenye mali kwa pamoja. Ni nyua ngapi za taasisi zetu, za parokia zetu, za shule zetu, zenye gari au trekta au mashine ya kusaga ya zamani iliyoachwa chini ya mwembe, pasipo turubai, pasipo hati, pasipo mtu anayejua ilitoka wapi? Uzembe wetu haumhalalishii mwizi kitu. Lakini twamwekea kijana kishawishi mbele ya macho kila siku, kisha twashangaa akianguka. Mali ikabidhiwayo kwetu si yetu peke yetu, ni amana. Basi wanaohusika na waamue. Kama chombo hakina faida tena, kiuzwe mchana, kwa hati, na fedha zake ziwasaidie wenye shida. Kama kina thamani, kiwekwe mahali penye paa, kipigwe picha, namba zake ziandikwe, na ikiwezekana wapewe vijana wa ufundi wakitengeneze. Kitu kinachoguswa kila juma hakiibiwi kwa urahisi, kwa kuwa macho mengi yakijua.

Kwa wazazi tuna neno moja. Mtoto akileta nyumbani fedha asizozieleza, msizipokee kwa kufurahi kwamba sasa amekuwa mtu mzima. Mwulizeni. Mama aliyeuliza siku ya kwanza kwa upole humwokoa mwanawe na siku ya arobaini. Kwa makatekista, twaomba mnapofundisha Amri ya Saba msiishie katika kuku na mahindi ya jirani; wapelekeni watoto mpaka gereji na mpaka penye mizani, maana huko ndiko watakakojaribiwa. Na kwa wanunuzi wa vyuma, ambao wengi wao ni wanaparokia wenzetu, na husimama pamoja nasi katika Misa ya Jumapili, twasema kwa heshima: kazi yenu ni halali, isafisheni. Mikono inayopokea Ekaristi isipokee usiku kile isichoweza kukionyesha mchana.

Tumrudie mwisho fundi wetu mzee. Asubuhi ile, akiisha kutazama ua wake, pengine hatamlaani mtu. Ataokota skrubu mbili tatu zilizoanguka katika nyasi, atazifuta, atazitia katika kopo. Kisha vijana wake wawili watafika, na itambidi awaeleze kilichotokea, na wao watamtazama wajue kama kazi imekwisha. Hasara hiyo, ya uso wa kijana aliyeanza kuamini ya kuwa kazi njema yafaa kufanywa na sasa ana mashaka, haikupimwa na mizani ya mtaa wa pili. Lakini yupo anayeipima, naye hapunji. Heri yule atakayeipima yeye mwenyewe kwanza, akiwa bado na siku za kulipa.